Cheti Kisicho na Shahidi

Nyama inayoning'inia katika mabucha ya Soko la Kenyatta, Nairobi, hutakiwa kuwa na muhuri wa mkaguzi. Mwenye bucha akijigongea muhuri wake mwenyewe, mnunuzi ana haki ya kusita. Kivinjari nacho husita hivyo kinapokutana na sanduku la kuhifadhia data nyumbani, kwa kuwa cheti chake cha usalama limejitilia saini lenyewe.

Nionavyo mimi, onyo hilo hatulielewi. Tukisema cheti "si salama", tunachanganya usiri na utambulisho. Cheti hicho huficha data barabara. Kinachokosekana ni shahidi kwamba anayejibu ndiye hasa. Wala mwenye sanduku hana njia rahisi: tangu 2016, anwani za ndani kama 192.168.1.10 hazipati vyeti vya mamlaka zinazoaminiwa na vivinjari.

Hatari imo katika mazoea. Mwanafunzi wa fasihi simulizi aliyehifadhi humo sauti za watambaji hubofya "endelea" kila siku. Mdukuzi aliyeingia katika mtandao wa ploti akijifanya sanduku, onyo litakuwa lilelile, na nywila itakabidhiwa. (Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu watambaji pia.) Yafaa cheti kikaguliwe mara moja, kwa waya, kisha kisajiliwe katika kompyuta. Onyo likizuka baadaye, huenda cheti kimebadilishwa, au anayejibu ni mwingine.

Kwa upande wa istilahi, napendekeza "cheti kisicho na shahidi". Wanaleksikografia wanikosoe.