Ukingo wa Sakafu si Mstari Mmoja

Kuna hoja isemayo hivi: anayechora nyumba ya Juba kwenye programu kama SketchUp au Sweet Home 3D asihangaike na ukingo wa nusu ghorofa, mstari mmoja unatosha, mengine fundi atayamaliza kwa jicho. Jicho lipi? Hakuna jicho linaloona vigae ambavyo havijawekwa. Juu ya zege huja, tuseme, sentimita 4 za saruji ya kusawazisha, kisha kigae cha sentimita 1. Kizuizi cha ukingoni kilichopimwa sentimita 90 kutoka kwenye zege kinabaki na 85, na kipandio cha mwisho cha ngazi ya chuma iliyokatwa kwa kipimo hichohicho kinazidi vingine kwa sentimita 5, palepale mtu anapofika ukingoni. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unataka angalau 90 ndani ya nyumba, na nafasi kati ya nondo za kizuizi isipitishe tufe la milimita 100, kwa ajili ya watoto. Mtoto wa Juba naye huanguka.

Eti kuchora unene ni anasa. Anasa ni kukata chuma mara mbili, katika mji unaoletewa saruji na nondo kwa malori kutoka Uganda, kilomita 192 tangu Nimule. Sweet Home 3D hupakuliwa bure, na ina mahali pa kujaza unene wa sakafu ya kila ghorofa. Watasema kompyuta haisimamishi jengo. Kweli, wala haikokotoi nguvu ya boriti. Hiyo ni kazi ya mhandisi. Lakini mchoro wenye tabaka zote humlazimisha fundi chuma na fundi vigae kukubaliana sakafu inaishia wapi kabla pauni ya kwanza haijatumika.