Fungueni Jukwaa Siku ya Jumatatu

Kijana wa Dar es Salaam anaweza kutoa wimbo leo bila kuwahi kusimama hata siku moja kando ya mpiga besi. Mdundo anatengenezewa na prodyuza kwenye kompyuta, sauti anaingiza studio, na akialikwa tamashani anaimba juu ya wimbo ule ule uliokwisha kurekodiwa. Sauti anayo, maneno anayo, mashabiki anao. Anachokosa ni zile saa za kusikilizana na wenzake: kumsubiri mpiga solo amalize, kupunguza sauti dramu zinapopungua, kuokoa wimbo ulioanza kwenye kii iliyo juu mno kwa koo lake.

Saa hizo hupatikana kwenye usiku wa jukwaa huria, ambao wanamuziki huuita jemu. Utaratibu wake hauna makuu. Bendi mwenyeji ya watu watatu au wanne hufungua kwa nyimbo chache, na mlangoni kuna karatasi ambapo kila anayetaka kupanda huandika jina na chombo anachopiga. Zamu ikifika, hupewa nyimbo mbili. Huwaambia wenyeji kii, huhesabu, na wimbo unaanza. Akipotea katikati, mpiga besi anaendelea kushikilia njia mpaka mgeni arudi. Kwa jambo hilo moja, bendi mwenyeji ina thamani kuliko spika kubwa za ukumbi wowote.

Mfano maarufu kupita yote uko Harlem, New York. Henry Minton, mpiga saksafoni aliyekuwa kiongozi katika chama cha wanamuziki, alifungua Minton's Playhouse mwaka 1938. Mwaka 1940 usimamizi ulishikwa na Teddy Hill, ambaye aliweka bendi ndogo ya kudumu, Kenny Clarke akiwa kwenye dramu na Thelonious Monk kwenye piano. Jumatatu, siku ambayo wanamuziki wengi wa mjini hawakuwa na kazi, walikaribishwa kula na kupiga. Chama kilikuwa kikiwatoza faini wanachama waliokutwa wakipiga bure, lakini pale Minton's hawakubughudhiwa. Dizzy Gillespie, Charlie Parker na mpiga gitaa Charlie Christian walipita hapo, na katika majaribio ya usiku ule ulikua muziki ulioitwa bebop.

Lakini jukwaa la Minton's halikuwa la kila mtu. Monk na Gillespie walikuwa wakipanga miondoko migumu makusudi, ili asiyeweza ashuke mwenyewe. Parker naye alikwishaonja ukali wa aina hiyo. Mwaka 1936, kwa simulizi za wanamuziki wa Kansas City, kijana huyo wa miaka 15 alipanda jukwaani Reno Club, akapotea katikati ya wimbo, na mpiga dramu Jo Jones akatupa sahani ya dramu sakafuni ili kumwashiria ashuke. Watu walicheka.

Kisa hicho husimuliwa kama sifa: aibu ndiyo iliyomrudisha Parker mazoezini hadi akawa bingwa. Husimuliwa hivyo kwa sababu Parker alirudi. Waliotupiwa sahani wakaenda nyumbani na kuuza saksafoni zao hawana anayewasimulia. Jukwaa la mtaa likijengwa kwa mfano huo litabaki na mabingwa watano wanaojuana na viti vitupu.

Zanzibar ina njia ya upole zaidi, tena ya miaka mingi. Kidumbaki hupigwa harusini kwa fidla moja, ngoma ndogo mbili ziitwazo vidumbaki, vijiti vya mkwasa na besi ya sanduku, yaani sanduku la mbao lenye mti na kamba. Nyimbo za taarab huunganishwa moja baada ya nyingine, mwendo ukizidi kukolea, na wanaocheza huitikia. Ukumbi hauhitajiki wala umeme. Si wachache kati ya wapigaji wa taarab waliopata mikono huko kabla ya kukaa kwenye vikundi vikubwa kama Culture Musical Club, kilichoanzishwa mwaka 1958. Ilipofunguliwa Dhow Countries Music Academy mwaka 2002, vijana wa Unguja walipata pia darasa la udi, kanuni na fidla. Kundi la Tausi nalo, lililoongozwa na Mariam Hamdani, limeonyesha kwamba mwanamke anaweza kushika kanuni na fidla, si kuimba tu. Msichana anayetamani kupiga besi Temeke au Kisumu bado anahitaji mahali ambapo hatakodolewa macho kama kioja. Usiku wa jukwaa huria, ukisimamiwa kwa heshima, unaweza kuwa mahali hapo.

Bara tatizo kubwa limekuwa vyombo. Katika miaka ya 1960 na 1970 bendi nyingi za Tanzania zilimilikiwa na taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz ya jeshi la polisi, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki akihama, gitaa lilibaki. Hata leo, fundi wa gitaa asiye na gitaa si mtu wa ajabu. Ndiyo maana hesabu ya jukwaa huria inavutia: seti moja ya dramu, ampu mbili, besi moja na kinanda kimoja vinaweza kuwahudumia watu thelathini kwa usiku mmoja. Hakuna njia ya bei nafuu zaidi ya kumfikisha kijana kwenye chombo halisi, mbele ya wasikilizaji halisi.

Watakaopinga watataja kelele, na wana haki. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, limekuwa likiziadhibu baa na kumbi zinazowanyima majirani usingizi. Ila jemu ya mtaa haihitaji kukesha. Inaweza kuanza saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tatu usiku, kwa sauti inayowaruhusu walio ndani kuzungumza. Sauti ndogo humfaa hata mwanafunzi, kwa kuwa humlazimisha kuwasikia wenzake.

Bendi mwenyeji ilipwe. Hili lisifichwe chini ya neno la kujitolea, kwa maana wanaoshikilia nyimbo za wengine kwa saa nne wanafanya kazi ngumu kuliko ya onyesho lao wenyewe. Kiingilio kidogo na sehemu ya mauzo ya vinywaji vinaweza kutosha, na atakayependa kumtunza mpigaji asizuiwe.

Kumbi nyingi za mjini hujaa Ijumaa hadi Jumapili, kisha viti hupandishwa mezani. Wenye kumbi hizo, na maofisa utamaduni wa wilaya wenye kumbi za jamii mikononi mwao, waitoe Jumatatu moja kila mwezi kwa kuanzia. Watafute wapigaji wanne wavumilivu, waweke karatasi na kalamu mlangoni, na atakayeandika jina lake apewe nyimbo zake mbili.