Mgodi Umefungwa, Maji Hayajafungwa



Juma hili napenda tutafakari jambo lisilosemwa mara nyingi kanisani: ukaguzi wa mgodi uliokwisha kufungwa. Pengine mtu atauliza, hilo latuhusu nini sisi wa Mnyuzi, tunaoishi kati ya milima ya Usambara na bonde la mto Pangani? Latuhusu sana. Jirani zetu wa Handeni wanayo dhahabu ya Magambazi. Kati ya mwaka 2003 na 2004 wachimbaji waliingia hata katika misitu ya Amani, upande wa Sakale, wakafukua kandokando ya vijito vinavyoulisha mto Zigi, mto unaowanywesha watu wa Tanga mjini, mpaka Serikali ilipowazuia. Dhahabu haiko mbali nasi. Na kila panapochimbwa, siku moja patafungwa.

Migodi mikubwa ya nchi yetu nayo imeanza kufikia mwisho wake. Golden Pride wa Nzega, uliokuwa mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa wa dhahabu Tanzania, ulianza uzalishaji mwishoni mwa mwaka 1998 na kufungwa mwaka 2014. Buzwagi wa Kahama, uliofunguliwa mwaka 2009, ulifungwa mwaka 2021. Yapo basi maeneo yanayopaswa kukaguliwa, na mengine yanakuja.

Katika ukaguzi wa namna hii, jicho hukimbilia ardhi. Mashimo yamefukiwa au kuzungushiwa uzio? Vilima vya mawe taka vimesawazishwa? Miti imepandwa? Hayo ni mema, na ni haki kuyadai. Lakini miti huonekana, na kinachoonekana hupendeza haraka. Maji hayasemi ukweli wake kwa macho.

Miamba mingi yenye dhahabu ina madini ya salfa. Yakiwa chini ya ardhi hayana neno. Yakivunjwa na kuachwa juani, hewa na mvua huyageuza kuwa tindikali; nayo tindikali huyeyusha metali zilizolala katika mwamba, kama vile aseniki na risasi, na kuzishusha mtoni au kisimani. Kazi hiyo haijui kwamba kampuni imekwisha kuondoka. Yaweza kuendelea kwa makumi ya miaka. Tena maji hayo huenda yakawa maangavu kabisa ndani ya ndoo. Kwa wachimbaji wadogo iko pia zebaki, ambayo hubaki katika tope la mialo hata baada ya makarasha kunyamaza.

Si habari za kufikirika. Mwezi Mei 2009, maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara, Tarime, yakaingia mto Tigithe, ambako watu walikuwa wakichota na kunywesha mifugo. Mgodi ule ulikuwa hai, una walinzi na wataalamu. Je, ule uliofungwa, usio na mtu wa kusimama kando ya bwawa la topesumu usiku wa masika?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ukaguzi wa mgodi uliofungwa haujakamilika mpaka majibu ya vipimo vya maji yamesomwa hadharani kwa wanaoyanywa, kwa Kiswahili, na kubandikwa katika ofisi ya kijiji. Tena si mara moja. Yapimwe kiangazi na masika, juu ya mgodi na chini yake, mwaka baada ya mwaka.

Wapo wasemao kwamba takwimu za kitaalamu zitawatia wananchi hofu bure. Naiheshimu hoja hiyo, kwa maana uvumi nao huumiza. Lakini uvumi huota pale penye ukimya. Mama anayeambiwa kwamba kisima hiki ni salama na kile si salama hahitaji shahada ya kemia ili kuchagua.

Sheria haiko kinyume nasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtambulia kila aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 nayo inaruhusu mwenye mgodi adaiwe dhamana ya fedha kwa ajili ya kurekebisha ardhi. Dhamana hiyo isirudishwe kwa sababu nyasi zimeota. Irudishwe maji yakishashuhudia.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaja uchimbaji madini miongoni mwa mambo yanayotishia maji ya ardhini, akafundisha pia kwamba wenyeji wana nafasi ya pekee pale athari za miradi zinapojadiliwa. Nafasi hiyo haiji yenyewe. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, nendeni. Mkaguzi akifika, mwonyesheni chemchemi anayoipita bila kuijua, na mwulizeni majibu yatarudi lini. Jumuiya ndogondogo ziandike tarehe aliyoitaja na kumkumbusha.

Aliyechukua dhahabu amekwisha kuondoka nayo. Mtoto anayezaliwa leo hakuonja faida yake. Asiachiwe kunywa mabaki yake.

Nawatakieni Dominika njema.

Paroko wenu