Matrekta ya Magazetini, Plau Lililokufa Uani

Kijana wa Nyasho, nawe wa Mwisenge, nawe unayeshinda stendi ya Bunda ukingoja basi la Mwanza lishushe mzigo: tahariri ya leo ni yako. Wazee na waheshimiwa wakitaka waisome, lakini hatukuwaandikia wao.

Tuanze na porojo tuliyoizoea. Kila baada ya miaka michache nchi hii hutangaziwa matrekta. Miaka ya 1980 tuliambiwa Valmet ya Finland inaunganishwa Kibaha na shida imekwisha. Mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza, na baada yake yakaletwa matrekta ya India kwa mkopo, yakauzwa kupitia SUMA JKT. Miaka iliyofuata SUMA JKT ikawa inahangaika kuwadai waliokopa wasilipe. Halafu ikaja zamu ya Ursus ya Poland, nayo ikaunganishwa hapo hapo Kibaha. Wakulima wakalalamika hadharani kwamba yanaharibika na vipuri havipatikani, na kiwanda mama kule Poland kikafilisika. Kila mara picha ilikuwa ile ile: mkubwa amekaa kwenye usukani, utepe umekatwa, wapambe wanapiga makofi.

Sasa tuulizane. Ni nani kati ya wakubwa hao aliyewahi kupigwa picha akikagua ncha ya plau?

Maana mkulima wa Nyamuswa au Kiabakari mara nyingi hakwamishwi na injini. Anakwamishwa na kipande cha chuma kisichozidi kiganja. Udongo wa mchanga husaga chuma kama msasa, na mbuga nyeusi ikikauka ni kama unalima saruji. Ncha ikishakuwa butu, plau haliingii chini, linateleza juu juu. Trekta linakula dizeli zaidi, maksai wanatoa ulimi nje, na mwenye shamba anadhani mashine imechoka. Plau linaegeshwa uani, kuku wanatagia chini yake, na mvua za kwanza zinapita.

Zamani tulikuwa na viwanda vyetu vya majembe na plau, UFI pale Ubungo na Zana za Kilimo Mbeya. Vikaingia kwenye ubinafsishaji, na leo zana tele madukani zimetoka China na India. Haya, vimekwenda. Lakini ufundi hauhitaji kukatiwa utepe. Kabla ya mkoloni, Wazanaki na majirani zao Waikizu walikuwa na Waturi, wahunzi ambao watu hawakutaka kuoana nao lakini majembe yao yalitakiwa na kila nyumba. Na Mwalimu, aliyerudi Butiama kulima alipoacha urais mwaka 1985, alikuwa akisisitiza kwamba mwenye jembe la mkono avuke kwanza kwenye plau la ng'ombe kabla ya kuota trekta. Vijana wa leo mnalitaja jina lake kila Oktoba. Tunauliza ni wangapi wanaoweza kulirudisha plau la jirani yake shambani.

Kazi yenyewe ni kuchomelea, na inafanyika uani kwa mkulima. Zile mashine za zamani za kusukwa kwa waya wa shaba zilihitaji mkokoteni. Mashine ndogo za inveta za siku hizi zinabebwa kwa mkono mmoja na kupandishwa bodaboda. Pasipo umeme utahitaji jenereta, tena yenye nguvu, siyo ile ya kuwashia taa za harusi.

Lakini tusidanganyane. Fundi wa madirisha na mageti siyo lazima awe fundi wa plau, na hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu jina la kazi. Geti ni chuma laini. Ukilichomelea ovyo bado litasimama. Ncha ya plau, sahani za plau la trekta na springi za lori ni chuma kigumu chenye kaboni nyingi. Ukikichomelea kikiwa baridi, halafu ukakimwagia maji ili mteja aondoke haraka, kinageuka kama kioo. Siku ya kwanza shambani kinakatika pembeni kabisa ya mshono, na mkulima anakuja kukutafuta na rungu. Ana haki!

Kwa hiyo ukijue chuma kabla ya kukigusa. Kiguse kwenye jiwe la kunolea la umeme utazame cheche. Chuma laini kinatoa mistari mirefu yenye matawi machache. Kigumu kinapasuka vinyota vingi vingi. Chuma cha kuyeyushwa kwenye kalibu kinatoa cheche fupi nyekundu, na hicho mwanafunzi akiache. Ukishakijua, kwangua kutu, rangi na grisi mpaka king'ae. Ncha iliyoliwa sana ikate mahali palipo pazima, unge kipande cha springi ya lori, na kingo zote mbili uzichonge mshazari ili moto uingie mpaka ndani. Kisha pasha moto wa mkaa mpaka tone la maji likianguka juu yake liruke na kukauka. Chomelea kwa vipande vifupi. Ukimaliza, fukia kwenye majivu makavu au mchanga mkavu kipoe polepole, hata usiku kucha. Mteja akikuharakisha, mwambie arudi kesho.

Vijiti navyo vina elimu yake. Namba 6013 inayouzwa kila duka ni ya mageti. Kwa chuma kinene na kigumu tumia 7018, tena kikavu, maana kikinyonya unyevu wa hewa hii ya ziwa kinaacha mshono wenye nyufa. Kiweke kwenye kopo lililofungwa. Viko pia vijiti vya kuweka gamba gumu. Hivyo mistari yake huwekwa upande mmoja tu wa makali: upande laini unalika taratibu, gamba linabaki, na plau linajinoa lenyewe likiwa kazini. Fundi anayejua siri hiyo hahitaji kubandika tangazo mtini. Na sahani iliyopasuka toka ukingoni kuelekea katikati? Mwambie mwenyewe ukweli anunue nyingine. Pesa ya kubandika kitu kitakachofunguka wiki ijayo ni pesa ya wizi.

Tela, fremu na vishikio vya pini havisumbui namna hiyo, kwa kuwa vingi ni chuma laini. Ila zana ikiwa imefungwa kwenye trekta, ifungue kwanza. Ikishindikana, ondoa waya za betri na ubane waya wa ardhi karibu kabisa na mahali unapochomelea, la sivyo umeme utapitia kwenye beringi na kuzila.

Kuna jambo la macho ambalo hatutalipitia mbio. Tunawaona mafundi wakichomelea na miwani ya jua ya kutembelea mjini! Miwani hiyo haizuii mwanga ule. Usiku macho yanawasha kama yametiwa mchanga, na ukirudia kila siku unayauza kidogo kidogo. Nunua kinyago chenye kioo cheusi cha kazi kabla hujanunua simu nyingine. Na pipa lililowahi kubeba petroli au dizeli usilichomelee, hata likionekana tupu. Ule mvuke uliobaki ndani unalipuka kama bomu.

Sasa tugeukie waheshimiwa. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Tunaiuliza Manispaa ya Musoma, Mji wa Bunda na Butiama: ni vikundi vingapi vya mafundi wa zana za kilimo vimepewa, na majina yake yamebandikwa wapi? SIDO ipo tangu 1973, VETA ina sheria yake tangu 1994. Haziwezi kuandaa mafunzo ya wiki chache ya kutengeneza plau na haro, kijana akalipa kidogo na kurudi uani kwake na ujuzi? Na mgambo wanaokimbiza mafundi barabarani, je, wameonyeshwa eneo la kuwahamishia, au ni kuwavunjia vibanda tu?

Nawe kijana usikae ukingoja majibu. Tafuteni wenzenu wanne watano, chukueni fomu ya mkopo kwa ofisa maendeleo wa kata, na akiwapiga danadana andikeni tarehe na jina la ofisi mtuletee hapa. Wakati huo nenda kijijini kwenu ukahesabu mapalio na plau zilizolala uani, kabla mvua za vuli hazijaanza.