Aljebra ya Likasi ilianzia Baghdad

Mwanafunzi wa Likasi anayetaka kuwa injinia katika viwanda vya shaba vya Shituru hawezi kukwepa aljebra. Neno hilo ni la Kiarabu, al-jabr, kutoka kitabu alichoandika Al-Khwarizmi, Mwislamu wa Baghdad, katika karne ya 9. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inafundisha kugawa urithi. Kurani imepanga mafungu ya baadhi ya warithi, na ilibidi hesabu itoke sawa (familia nyingi za Likasi zinaujua ugomvi huo). Anayedai kwamba dini huzuia sayansi ajibu kwanza hilo. Walimu nao wamtaje Al-Khwarizmi darasani pamoja na Pythagore, mbele ya watoto wa msikiti na wa kanisa.