Makongamano ya programu huria yafuate mfano wa shamba darasa

Mkulima wa korosho wa Mtwara hakujifunza kupambana na ubwiriunga kwa kuketi hotelini na kusikiliza hotuba. Watafiti wa Naliendele walipotaka ajue kupuliza salfa, kupogoa matawi na kubebesha miche bora, walikwenda naye chini ya mkorosho. Ndiyo maana ya shamba darasa: mtaalamu anaonyesha, mkulima anajaribu kwa mikono yake, na msimu ukifika mti wenyewe unatoa jibu.

Nionavyo mimi, wataalamu wetu wa kompyuta wana la kujifunza hapo, hasa wale wanaoandaa makongamano ya watengenezaji wa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza.

Afrika Mashariki sasa ni mwenyeji wa mikutano hiyo. Agosti 2018 Dar es Salaam ilipokea FOSS4G, kongamano la dunia la programu huria za ramani. Novemba 2023 ilikuwa zamu ya Zanzibar kupokea DjangoCon Africa, mkutano wa watumiaji wa programu ya kutengenezea tovuti, na mwaka 2025 mkutano huo ukaenda Arusha. Agosti 2025 Nairobi nayo ikawa mwenyeji wa Wikimania. Ni heshima kubwa na waandaaji wanastahili pongezi.

Hata hivyo, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Miji hiyo ina viwanja vikubwa vya ndege na hoteli za kitalii, na ndiko tunakokutana kila mara. Swali la kujiuliza ni je, mwenyeji wa Mtwara, Newala au Msimbati amepona nini?

Msomaji asidhani haya ni mambo ya wasomi wa mjini. Simu ya Android iliyo mfukoni mwa mkulima inaendeshwa na kiini cha Linux, ambacho ni programu huria. Takwimu za hospitali na zahanati zetu huingizwa katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuikuza. Tunazitumia kila siku. Tatizo ni kwamba wanaozitumia na wanaozitengeneza hawaonani.

Tunao mfano wa nyumbani. Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini programu ni kama shamba, haipandwi mara moja ikaachwa. Kila toleo jipya huleta maneno mapya ya kutafsiri na kasoro mpya za kurekebisha. Kazi hiyo inataka watu wanaokutana mara kwa mara, wanaofahamiana, na walio karibu na karani anayeitumia. Leo ni ofisi chache mno utakazoikuta.

Sasa tutazame Mtwara. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, maisha ya mkulima yanategemea kumbukumbu. Korosho inapimwa kwenye chama cha msingi, inaandikiwa stakabadhi, inasafirishwa ghala kuu, inanadiwa, kisha malipo yanapita benki baada ya makato. Msimu wa 2024/2025 minada ikahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa soko la bidhaa, TMX. Kila hatua ina tarakimu, na kila tarakimu ni fedha ya mtu.

Sisemi mifumo hiyo itupwe. Ninachosema ni kwamba kijana anayeandika programu akishinda siku tatu kwenye chama cha msingi, akamwona karani akiandika stakabadhi umeme ukiwa umekatika na foleni ikiwa nje, ataelewa mambo ambayo hakuna hotuba itakayomweleza. Na programu ikiwa huria, kijana wa Tandahimba mwenye ujuzi anaweza kufungua hesabu ya makato na kuikagua mwenyewe.

Mfano mwingine uko pwani, kwenye mlango wa mto Ruvuma. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipoelekea kaskazini mwa Msumbiji, wakazi wa Mtwara walitakiwa kutafuta mahali pa usalama. Ni shule ipi iko mwinuko? Ni njia ipi hujaa maji kwanza? Wavuvi na wanavijiji wanajua. Mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 ulionyesha kuwa wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa wanaweza kuchora pamoja ramani za maeneo ya mafuriko na kuziweka kwenye OpenStreetMap. Hakuna sababu ya Msimbati na Mahurunga kubaki nyuma.

Basi kongamano lipangwe vipi? Kwanza, lifanyike chuoni badala ya hotelini. FOSDEM, mmoja wa mikutano mikubwa ya programu huria Ulaya, hufanyika chuo kikuu mjini Brussels, huendeshwa na watu wa kujitolea, na anayehudhuria halipi kiingilio. Mtwara tunacho Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris.

Pili, siku za kazi zizidi siku za hotuba. Watengenezaji wa Debian hutanguliza kambi ya kazi kabla ya mkutano wao wa kila mwaka, ule uliofika Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, Cape Town. Siku moja ya hotuba na nne za kazi zingetutosha.

Tatu, lugha ya kazi iwe Kiswahili, na mgeni asiyekijua atafutiwe mkalimani. Siku zote tumefanya kinyume.

Nne, fedha ya nauli ianze kwa mtumiaji. Karani wa chama cha msingi, muuguzi na mvuvi walipiwe safari kabla ya msemaji maarufu kukatiwa tiketi ya ndege. Mabegi na fulana vinaweza kusubiri.

Tano, kalenda ifuate msimu. Oktoba minada inapoanza hakuna karani mwenye nafasi. Wiki inayofuata Nanenane, wadau wakiwa wametoka viwanja vya Ngongo, Lindi, ingefaa zaidi. Kisha timu ndogo irudi Oktoba kuona kama kilichotengenezwa kinafanya kazi mbele ya mizani.

Wapo watakaosema Mtwara ni mbali na intaneti si ya uhakika. Umbali ni kweli, na Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kusini eneo la Somanga, tuliuonja. Lakini mwezi huohuo nyaya za mawasiliano za baharini zilikatika, na Dar es Salaam nayo ikakosa intaneti ya kutosha. Zaidi ya hayo, zana za watengenezaji wa programu, kama Git, humruhusu mtu kufanya kazi siku nzima bila intaneti na kuituma jioni. Na kama programu haiwezi kutengenezwa Mtwara kwa sababu ya intaneti, itatumikaje Mtwara?

Jambo la mwisho ni hesabu. Mkulima wa shamba darasa hupimwa kwa mavuno, si kwa picha ya pamoja. Miezi sita baada ya kongamano, waandaaji watoe taarifa: ni kasoro ngapi zimerekebishwa, ni vijana wangapi wa mahali hapo bado wanachangia msimbo, ni ofisi zipi zinatumia kilichotengenezwa. Wafadhili nao waulize hayo kabla ya kuulizia ukubwa wa ukumbi.

Vyuo vya kusini, vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU, na vikundi vya watengenezaji wa programu nchini wakutane na kupanga kongamano la kwanza la namna hii. Mikorosho ipo na kazi ipo. Kinachosubiriwa ni wataalamu kushuka shambani.