Sura Si Ushahidi

Hivi, ndugu msomaji, mwizi anafananaje? Uliza swali hilo popote penye watu, stendi au sokoni, utajibiwa papo hapo: ana rasta, macho mekundu, suruali kuukuu, kandambili miguuni, na kazi yake haijulikani. Sasa uliza la pili: yule anayekula fedha za chama cha ushirika, yeye anafananaje? Hapo watu watakuna vichwa. Maana huyo huvaa suti, hupanda gari lenye kiyoyozi, na akifika kwenye kizuizi cha polisi hupigiwa saluti na kutakiwa safari njema.

Ugonjwa ninaotaka kuusema leo umo ndani ya majibu hayo mawili. Kijana anasimamishwa barabarani, anapigwa sachi, anageuzwa mifuko nje mbele ya mama zake na dada zake, wala hakuna aliyemwona akitenda kosa. Kosa lake ni kufanana na picha iliyomo kichwani mwa afande. Nami nasema hivi: picha hiyo hakuichora afande. Aliichora mkoloni, akaitungia sheria, akaondoka akaiacha ukutani. Mwaka 1961 bendera yake tukaishusha, picha yake tukaisahau pale pale.

Tuanzie nyumbani. Lushoto hii Wajerumani waliiita Wilhelmstal. Walowezi walipojitwalia ardhi ya Usambara walikuta kwamba shamba wanalo, mikono ya kulilima hawana. Dawa waliyoipata ni kadi. Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume wenye nguvu wa Usambara Magharibi waligawiwa kadi za kazi: katika kila miezi minne, siku thelathini zilikuwa za kumfanyia kazi Mzungu kwa ujira uliokwisha kupangwa. Asiyejaza kadi alisubiriwa na kazi za serikali za kulazimishwa. Sasa fikiri, msomaji. Askari aliyesimama njiapanda alijuaje nani wa kudaiwa kadi? Alitazama ngozi. Mzungu hakuwa na kadi ya kuonyesha. Msambaa aliyekuwa akitembea kwenye kilima alichozaliwa, yeye alikuwa mtuhumiwa mpaka kikaratasi kimwokoe.

Jirani zetu Kenya waliyaona hayo hayo kwa Mwingereza. Kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfanya Harry Thuku asimame kupinga, na alipokamatwa mwaka 1922 watu walimiminika barabarani Nairobi, wakapigwa risasi. Kwa hiyo tusidhani hili ni jambo dogo la vijana wa kijiweni. Watu walikufa kwa kukataa kusimamishwa kwa ajili ya rangi.

Lakini Mwingereza alikuwa mjanja kuliko kipande. Kwao, mwaka 1824, walitunga sheria ya kuwakamata wazururaji, wakati ambapo maskini na askari waliotoka vitani walikuwa wamezagaa bila makazi. Sheria ile ilimruhusu polisi kumkamata mtu kwa kushukiwa tu. Wakaifunga katika sanduku pamoja na chai na Biblia, wakaisambaza katika makoloni. Tanganyika ilipata Kanuni ya Adhabu mwaka 1930, na roho ya sheria ile ikaingia humo. Huko katika makoloni mzururaji aliyekusudiwa alikuwa mweusi aliyeonekana mahali ambapo Mzungu hakumtuma.

Isome. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, toleo la 2022, vifungu vya 176 na 177, ndipo linapotoka lile kosa maarufu la uzembe na uzururaji. Humo utamkuta mtu anayeshukiwa, asiye na njia ya kujikimu inayoonekana, na asiyeweza kujieleza vizuri. Inayoonekana na nani? Kujieleza vizuri kwa kipimo cha nani? Sheria haisemi. Imemwachia afande na macho yake. Serikali yetu wenyewe iliwahi kuukaza uzi huo, kwa Operesheni Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ambapo watu wa mijini walisimamishwa na kutakiwa waonyeshe wana kazi gani, na wasioweza wakakamatwa na kurudishwa vijijini. Kadi ya Wilhelmstal hiyo, imebadilishwa lugha tu.

Kuna watakaosema: rangi imeingiaje hapa, wakati afande mweusi na kijana mweusi? Nawaomba wapande nami hadi Irente, kule kwenye jabali watalii wanakotazamia mbuga za chini. Chukua vijana wawili. Mmoja ni Mzungu, ana rasta, kaptula imechanika, hajaoga siku tatu, anatembea hovyo bila kazi wala ratiba. Wa pili ni Msambaa, ana rasta vilevile, kaptula imechanika vilevile, anatembea vilevile. Wa kwanza tutamwita mtalii, tutamkaribisha matunda. Wa pili tutamwita nani? Jibu unalo moyoni. Ukizururaji wa mmoja unaitwa utalii, wa mwingine unaitwa kosa. Afande kuwa mweusi hakubadilishi neno, kwa sababu anatazama kwa miwani ya kuazima. Wala simchukii. Yeye naye ni mtoto wa mkulima, pengine aliishia kidato cha nne kama sisi, na akivua gwanda akavaa kandambili, afande mwenzake asiyemjua anaweza kumsimamisha.

Sura inahukumu na uraia pia. Mwezi Julai 2013 Rais Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wa Kagera wiki mbili waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Nchi ina haki ya kulinda mipaka yake, hilo silipingi. Lakini kumbuka kwamba vitambulisho vya taifa vilizinduliwa mwaka huo huo wa 2013, na watu wengi vijijini hawakuwa navyo. Basi Mtanzania asiye na karatasi utamtofautishaje na Mrwanda asiye na karatasi? Hubaki urefu wa mtu, pua yake na lafudhi yake. Na miongoni mwa walioondoka walikuwamo watu walioishi nchini miongo mingi, wakaoa, wakaolewa, wakazika wazazi wao hapa.

Kenya nako, mwaka 1989 serikali iliwaamuru raia wake wenye asili ya Kisomali wachunguzwe upya na wapewe kadi maalumu, eti wathibitishe kuwa Wakenya. Mwezi Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya mabomu, ikaja operesheni ya Usalama Watch. Mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ulizingirwa, maelfu wakakamatwa, wengi wakapelekwa kwenye uwanja wa michezo wa Kasarani kuchujwa. Mkenya wa Kisomali aliyezaliwa Nairobi alitakiwa athibitishe kile ambacho jirani yake Mkikuyu hakuulizwa.

Msicheke mkadhani hayo ni ya mbali. Katika milima yetu hii wanaishi Wambugu, ambao lugha yao ya zamani imejaa maneno yenye asili ya Kikushi, ukoo mmoja na lugha za Ethiopia na Somalia. Wapo Wambugu ambao, ukiwaweka barabara ya Mombo usiku, mtu anayetafuta Wahabeshi wanaosafirishwa kwa magendo atawashusha wa kwanza. Na ni wenyeji wa hapa kabla Wilhelmstal haijapewa jina! Mwenye kudai kwamba anaijua sura ya Mtanzania, na aje kwanza Usambara atuonyeshe.

Sasa nijibu hoja mbili ninazozisikia kila siku. Ya kwanza: asiye na hatia haogopi kupekuliwa. Sawa! Basi na apekuliwe kila mtu. Ishusheni na ile suti kwenye gari lenye kiyoyozi, igeuzwe mifuko nje barabarani, tuone kama mwenyewe atasema haogopi. Mkiona aibu kumfanyia yeye, basi mmekwisha kukiri kwamba ni kudhalilisha. Katiba yetu, ibara ya 13, imekataza kuwabagua watu kwa rangi, kwa kabila, kwa mahali walipotokea, na hata kwa hali yao ya maisha. Hali ya maisha, msomaji! Maana yake kandambili nazo zina ulinzi wa Katiba.

Hoja ya pili: sasa polisi watamkamataje mwizi? Watamkamata kwa ushahidi. Kuna aliyeibiwa, kuna shahidi, kuna kitu kilichopotea, kuna sababu ya msingi ya kumshuku mtu huyu na si yule. Njia ya kukamata sura imeshajaribiwa. Mwezi Aprili 1981, katika mtaa wa Brixton, London, polisi walisimamisha watu zaidi ya 900 kwa siku chache, zaidi ya nusu yao weusi, kwa kuwashuku tu. Matokeo yake mtaa uliwaka moto. Mwaka huo huo Waingereza wakakifuta kipengele kile cha kushuku. Wenye kabati wamelitupa, sisi tulioletewa mtumba bado tunalipiga pasi.

Wenzetu wa Malawi walishashtuka. Mwaka 2015 mchuuzi Mayeso Gwanda alikamatwa alfajiri akielekea Limbe kuuza mifuko ya plastiki. Kosa: uzururaji. Akaenda mahakamani, na Januari 2017 Mahakama Kuu ikasema kifungu kile kinavunja katiba. Mfikirie kijana wa Lushoto anayeamka saa tisa za usiku kupakia kabichi na karoti za kwenda Dar. Ana tofauti gani na Gwanda? Na tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Mahakama hiyo iko wapi? Arusha! Ni kushuka Mombo ukapanda basi. Maoni yale si hukumu ya kumlazimisha mtu, lakini aibu nayo ina kazi yake.

Nimalizie kwa watu wangu, waandishi. Polisi hawakuikuza picha ile peke yao. Fungua hadithi zinazozunguka mitaani, hata zile za kwenye madaftari. Jambazi ni mweusi tii, ana kovu shavuni na rasta zisizochanwa, na tangu ukurasa wa kwanza unajua ndiye. Msichana mzuri sharti awe mweupe wa rangi ya chungwa. Mfanyabiashara tajiri ana sura ya kuheshimika mpaka mwisho. Huo ni upekuzi bila kibali! Msomaji aliyelelewa kwa hadithi mia za namna hiyo, siku akivalishwa gwanda, atamsimamisha nani? Kabla hujamchorea mhusika wako makovu, mpe mama, mpe njaa, mpe neno la kusema. Mwache msomaji amjue kwa matendo yake. Riwaya ikishindwa kumwona mtu, usimlaumu afande peke yake.

Basi vifungu vya 176 na 177 vifutwe, au visafishwe visibaki na mahali pa kukamatia sura. Afande anayemsimamisha mtu aandike jina lake, saa, na sababu, na nakala apewe aliyesimamishwa. Na wewe kijana, ukikamatwa, uliza kwa adabu lakini uliza: "Afande, nimekamatwa kwa kosa gani?" Sheria ya nchi inakupa haki ya kuambiwa. Ukijibiwa kwamba sura yako tu ndiyo iliyotiliwa shaka, liandike jibu hilo, uliandikie siku na saa, kisha utuletee hapa tulichape.